Setilaiti na Minara Kwenye Masafa Yale Yale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Nimefunga madishi na antena kuanzia Nakuru hadi Busia kwa miaka mingi, na maswali ninayoulizwa nikiwa juu ya ngazi hayabadiliki. Mengi huanza na lawama: mnara mpya umeniharibia TV, setilaiti imenyang'anywa masafa, 5G imekula chaneli. Mara chache lawama hiyo ni ya kweli. Mara nyingi watu wametumia pesa kubadilisha dishi zima wakati ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa mita nne. Nimepanga majibu kutoka yale ya msingi hadi yale yanayowasumbua hata mafundi. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine nitakuelekeza huko.

## Misingi

1. Masafa ni nini, na kwa nini yagawanywe?

Wimbi la redio hutikisika, na idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde moja ndiyo masafa yake. Kituo cha FM kilicho kwenye 95.0 kinatikisika mara milioni 95 kwa sekunde, yaani 95 MHz. MHz elfu moja ni GHz moja.

Watu wawili wakituma kwa masafa mamoja, mahali pamoja, wakati mmoja na kutoka upande mmoja, redio yako haiwezi kuwatenganisha. Shika hayo mambo manne: masafa, mahali, wakati, upande. Wakitofautiana kwa jambo moja tu, wanaweza kuishi pamoja. Karibu kila jibu lililo hapa chini ni habari ya mojawapo ya hayo manne.

2. Setilaiti na mnara vinawezaje kutumia masafa yale yale bila kugongana?

Hasa kwa kutofautiana upande. Setilaiti za TV zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu zinaonekana zimesimama. Mawimbi yao yanashuka kutoka juu. Mawimbi ya mnara yanakuja yakiwa yamelala na ardhi. Dishi la sentimita 80 linalopokea 12 GHz lina jicho jembamba la kama digrii 2, karibu mara nne ya upana wa mwezi unavyouona angani. Kinachotoka pembeni kabisa mwa jicho hilo hufika kikiwa kimepungua mara maelfu.

Hapa kwetu tuna neema ambayo watu wa Ulaya hawana. Ukiwa London, setilaiti hizi hazipandi zaidi ya digrii 31 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hiyo dishi la huko linatazama karibu na paa za majirani na minara yao. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo setilaiti nyingi tunazozitumia zimepanda juu sana. Nakuru ipo kwenye longitudo ya 36 mashariki, na setilaiti inayobeba DStv kwa eneo letu ipo kwenye digrii 36 mashariki. Yaani mtu aliyesimama mjini Nakuru, setilaiti hiyo ipo utosini mwake.

Setilaiti nayo imefungwa mikono. Katika bendi, yaani vipande vya masafa, inazochangia na mitambo ya ardhini, sheria za kimataifa zinaweka kikomo cha nguvu inayofika ardhini, na kikomo hicho hutegemea pembe. Kwenye bendi ya 4 GHz, mionzi inayofika chini ya digrii 5 juu ya upeo, yaani karibu sawa na mionzi ya minara, inaruhusiwa kuwa na sehemu moja tu ya kumi ya nguvu inayoruhusiwa kwa mionzi inayoshuka kwa digrii 25 na zaidi.

3. Nani anaamua nani atumie masafa gani?

Duniani ni Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lililo chini ya Umoja wa Mataifa. ITU imegawa dunia katika kanda tatu. Kenya ipo Kanda ya 1 pamoja na Afrika nzima, Ulaya na sehemu kubwa ya Mashariki ya Kati. Kila baada ya miaka mitatu au minne nchi hukutana kurekebisha kanuni za redio: 2015 Geneva, 2019 Sharm el-Sheikh, 2023 Dubai.

Nchini ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998. Mamlaka ndiyo inayompa mtu leseni ya kutumia kipande fulani cha masafa, mahali fulani, kwa nguvu fulani.

4. Dikoda yangu ya antena na ya dishi zinatumia masafa yale yale?

Hapana. TV ya antena, ile ya DVB-T2 inayotoka kwenye minara, katika Kanda ya 1 imebaki na 470 hadi 694 MHz, ambazo ni chaneli 28 zenye upana wa 8 MHz kila moja. Dishi la nyumbani linapokea kati ya 10.7 na 12.75 GHz. Hayo masafa yameachana mbali mno. Ukiona antena na dishi vyote vinasumbua kwa pamoja, tafuta kosa ndani ya nyumba: stima, TV yenyewe, au waya uliochanganya vyote viwili.

## Bendi zinazochangiwa

5. Basi ni wapi hasa setilaiti na matangazo ya ardhini yanachangia masafa?

Mahali muhimu zaidi ni 11.7 hadi 12.5 GHz. Katika Kanda ya 1 kipande hicho kimepewa matangazo ya setilaiti na pia matangazo ya ardhini, mawasiliano kati ya vituo vilivyosimama, na vyombo vinavyotembea. Wote wameandikwa, lakini hawako sawa. Huduma za ardhini hazitakiwi kuingilia vituo vya setilaiti vilivyo kwenye mpango wa kimataifa, wala haziwezi kudai kulindwa dhidi yao. Mgeni anakaribishwa sebuleni, ila kiti cha mwenye nyumba hakikaliwi.

Mpango huo ulianza mwaka 1977, ukafumuliwa upya mwaka 2000 ambapo kila nchi ya Kanda ya 1 ilitengewa nafasi ya chaneli 10. Nchi ndogo na nchi kubwa zilitengewa kiasi kilekile. Naupenda uamuzi huo na nitautetea popote. Bila mpango, nafasi za angani zingekwenda kwa aliyetangulia kuwa na roketi.

Chini kidogo, 10.7 hadi 11.7 GHz, setilaiti zinachangia na laini za mikrowevu za mnara kwa mnara. Na ipo bendi ya C, karibu na 4 GHz, ambayo ina hadithi ndefu zaidi. Tazama maswali ya 7 na 15.

6. Redio za WorldSpace zilikwenda wapi?

Swali hili huulizwa na watu wa umri wangu waliokuwa na kile kiredio chenye antena bapa ya kuelekeza angani. Setilaiti ya AfriStar ilirushwa Oktoba 1998 na kukaa digrii 21 mashariki, ikitangaza redio kwa Afrika kwenye 1467 hadi 1492 MHz. Kampuni iliomba kinga ya kufilisika mwaka 2008 na huduma ikazimika.

Kipande hicho cha masafa, kuanzia 1452 hadi 1492 MHz, kilikuwa kimetengwa mwaka 1992 kwa redio ya kidijitali ya setilaiti na ya minara kwa pamoja. Upande wa minara haukuota mizizi Afrika, na upande wa setilaiti ulikosa wateja. Mwaka 2015 nchi nyingi za Afrika zikakubali kipande hicho kitumiwe na mitandao ya simu. Masafa yasiyotumiwa hayakai bure muda mrefu.

7. Kwa nini kituo cha Longonot kilijengwa bondeni?

Kituo cha setilaiti cha Longonot, ndani ya Kaunti ya Nakuru ya leo, kilifunguliwa mwaka 1970. Madishi yake makubwa yalitumia bendi ya C, bendi ambayo laini za mikrowevu za ardhini nazo ziliitumia. Mawimbi ya mikrowevu hayapindi kilima. Dishi likikaa chini ya Bonde la Ufa, kuta za bonde zinaziba kinachokuja kimelala na ardhi, na anga inabaki wazi juu yake. Ndiyo kinga ya kale kuliko zote na mpaka leo hakuna iliyo rahisi kuipita. Nitairudia kwenye swali la 15 kwa kipimo cha ukuta wa kawaida wa mawe.

8. Ni kweli setilaiti iliwahi kutangaza kwenye masafa ya TV za antena?

Ni kweli, na ilifanya hivyo ikiwa juu ya vichwa vyetu. Kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976 setilaiti ya Marekani ATS-6 ilikaa kwenye digrii 35 mashariki. Mstari huo unapita mashariki kidogo ya Kisumu. Kutoka hapo ilirusha vipindi vya kilimo, afya na elimu kwenye 860 MHz hadi vijiji kama 2,400 vya India. Vijijini huko walipokea kwa dishi la mita tatu lililotengenezwa kwa wavu wa kuku.

860 MHz ni bendi ya TV za minara. Iliwezekana kwa kuwa vijiji hivyo havikuwa na mnara wa TV karibu. Mahali palitofautiana. Minara ilipoenea, mwanya huo ulifungika, na matangazo ya setilaiti yakahamia juu kwenye GHz 12.

## Nyumbani kwako

9. Dishi langu lilikuwa sawa mpaka mnara wa simu ulipojengwa karibu. Masafa yanagongana?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi ya yote, na jibu lake ni refu kwa sababu mwenye kuuliza huwa ana haki nusu.

Mnara wa simu hautumii 12 GHz kukuhudumia wewe. Hauwezi kuigusa setilaiti. Lakini kichwa cha dishi, yaani LNB, hakipeleki 12 GHz kwenye waya wako. Waya wa kawaida ungeimeza yote kabla ya kufika sebuleni. LNB huyashusha mawimbi mpaka kati ya 950 na 2150 MHz, na hayo ndiyo yanayotembea ndani ya waya hadi dikoda. Na katikati ya hapo ndipo simu zinapoishi. Chukua chaneli iliyopo 12.45 GHz. LNB ya kawaida hutoa 10.6, inabaki 1.85 GHz, yaani 1850 MHz. Minara ya simu ya bendi ya 1800 hutuma kati ya 1805 na 1880 MHz. Umeona? Angani hawakukutana kamwe. Wamekutana ndani ya waya wako.

Waya mzima, wenye wavu wa kutosha na kofia za skrubu zilizobana, hauruhusu hilo. Waya uliochanika, uliounganishwa kwa kusokota na kufungwa kwa nailoni, unakuwa antena.

Kondele, Kisumu, kulikuwa na kibanda cha mpira ambacho mwenyewe alikuwa ameshabadilisha dishi mara mbili. Kikundi kimoja cha chaneli kilikatika kila jioni, zile nyingine zikabaki safi kama maji ya kisima. Hiyo peke yake ilinipa jibu, maana dishi lililoelekezwa vibaya huharibu zote. Nilifuata waya kwa mkono kutoka paani. Nyuma ya ubao wa choo niliukuta muungo: nyuzi za shaba zimesokotwa kama mkia wa panya, wavu umerudishwa nyuma na kuachwa wazi, shaba imegeuka kijani kwa mvua. Niliukata, nikavuta waya mmoja mzima wa mita 18, nikabana kofia mpya pande zote mbili. Zile chaneli zikarudi kabla sijashuka kwenye kiti. Jioni ndipo watu wengi hutumia simu na mnara hutuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana tatizo lilikuwa na saa zake.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu mwenye mnara: je, ni chaneli zote au ni kikundi? Je, kuna muungo wowote kati ya dishi na dikoda? Je, kofia zimeshika kutu? Tafadhali anza hapo. Fundi anayekuuzia dishi jipya bila kuugusa waya, mwulize kwanza kwa nini.

10. Kwa nini mvua ya alasiri Kakamega inakata DStv lakini haikati TV ya antena?

Matone ya mvua ni makubwa kiasi cha kunyonya na kutawanya mawimbi ya 12 GHz, ambayo urefu wake ni kama sentimita mbili na nusu. Mawimbi ya 500 MHz yana urefu wa sentimita 60 na hayajali matone. Mvua ikipungua picha inarudi. Huo si mwingiliano wa mtu yeyote. Dishi kubwa kidogo na lililoelekezwa kwa makini linakupa akiba ya nguvu ya kuvuka manyunyu, ingawa ile mvua ya mawe ya Kericho na Nandi itakushinda tu.

11. Picha inapotea dakika chache mchana wa jua kali mwezi Machi na Septemba. Ni nani?

Ni jua lenyewe. Siku chache kabla na baada ya Machi 20 na Septemba 22, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na joto lake ni kelele ya redio inayoingia moja kwa moja kwenye jicho la dishi. Kwa setilaiti ya digrii 36, ukiwa Nakuru, tarajia kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro robo mchana. Kwa setilaiti ya digrii 7 mashariki, inayobeba Azam TV, ni kuelekea saa tisa alasiri. Usiguse dishi. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha madishi yaliyoharibiwa na wenyewe katika dakika hizo.

12. Mbona dishi langu limelala kama sinia na la jirani limesimama likitazama ziwani?

Mnatazama setilaiti tofauti. Lako linatazama digrii 36, karibu utosini. La jirani huenda linatazama digrii 7, ambayo kutoka Kisumu ipo magharibi, juu ya upeo kwa kama digrii 57. Madishi haya ya nyumbani yana LNB iliyokaa chini ya kitovu, kwa hiyo jicho lake huangalia juu zaidi kuliko uso wake unavyoonyesha, digrii 20 na kitu. Ndiyo maana lako halijalala kabisa na maji yanatiririka.

Kwa habari ya masafa, lako liko salama zaidi. Kadiri dishi linavyotazama juu ndivyo linavyokuwa mbali na minara.

13. Usiku mtulivu Kisumu na Busia tunapata vituo vya ng'ambo ya ziwa. Vinavunja sheria?

La. Hewa iliyopangika kwa tabaka juu ya Ziwa Victoria, yenye unyevu chini na ukavu juu, huyainamisha mawimbi yafuate uso wa maji na kufika mbali kuliko yalivyokusudiwa. Kenya, Uganda na Tanzania zimo kwenye mipango ya pamoja: ule wa Geneva wa 1984 kwa FM na ule wa 2006 kwa TV ya kidijitali. Mipango hiyo inaruhusu mwingiliano kwa asilimia ndogo ya muda, kwa kuwa hali ya hewa haina leseni. Ukiwa Busia au Malaba, antena yenye meno mengi iliyoelekezwa kwenye mnara wa kwetu na kuupa mgongo mpaka hutatua mengi.

14. Tangu 4G ije, antena yangu ya zamani inakwamakwama. Kwa nini?

Hili linaweza kuwa kweli. Antena na vikuza mawimbi vya enzi ya analojia vilitengenezwa vipokee mpaka 862 MHz. Kenya ilizima analojia mwaka 2015, kabla ya tarehe ya mwisho ya kimataifa ya Juni 17, na sehemu ya juu ya bendi ikahamia kwenye simu. Mnara wa simu unaotuma kwenye 791 hadi 821 MHz ukiwa mita mia moja kutoka kwako, kikuza mawimbi kinajazwa mpaka kinashindwa kusikia TV iliyo 600 MHz. Dawa ni kuondoa kikuza mawimbi kwanza. Watu wengi wanaoona milingoti ya Menengai au ya Riat kwa macho hawakihitaji hata kidogo. Ikishindikana, weka kichujio kinachokata juu ya 694 MHz.

## Mambo mapya

15. 5G itaharibu dishi kubwa la kanisa letu au la redio yetu?

Ikiwa ni dishi la bendi ya C, lile la mita 1.8, 2.4 au zaidi, una sababu ya kujiandaa. LNB yake hupokea 3.4 hadi 4.2 GHz yote kwa mkupuo. Mwaka 2015 Kanda ya 1 ilikubali 3.4 hadi 3.6 GHz itumiwe na simu, na Dubai mwaka 2023 milango ikafunguliwa zaidi mpaka 3.8 GHz. Hata kama chaneli yako ipo 4.0 GHz na hakuna anayeigusa, mnara wa jirani kwenye 3.5 unaweza kuilevya LNB yako nzima. Mawimbi ya setilaiti yanafika yamechoka baada ya safari ya kilomita elfu 36, na ya mnara yanatoka ng'ambo ya barabara.

Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Badilisha LNB iwe ile ya 3.7 hadi 4.2, au weka kichujio mbele yake. Hamisha dishi. Kaunti ya Kakamega nilihamisha la mita 2.4 kutoka mbele ya kanisa, upande wa barabara, hadi nyuma ya ukuta wa mawe, mita kumi na moja tu. Kabla ya hapo kipimo kilikuwa kinaruka kama moyo wa mtu aliyekimbia. Nyuma ya ukuta kilitulia. Anga walikuwa nayo yote, kwa kuwa setilaiti yao ilikuwa juu sana. Ndiyo Longonot ya watu wa kawaida.

La tatu ni la karatasi, na ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu karibu wote wanaliacha. Dishi la kupokea tu ambalo Mamlaka haijui lipo haliwezi kuzingatiwa pale mnara unapopangwa. Redio ya jamii inayotegemea dishi moja kwa taarifa zake za habari inapaswa kuuliza namna ya kuliandikisha kabla mnara haujasimama.

16. Starlink inatumia masafa ya dishi langu la TV?

Ndiyo, kwa sehemu kubwa. Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza huduma Kenya Julai 2023, hutuma kwa wateja kati ya 10.7 na 12.7 GHz. Hapa wanaochangia ni setilaiti na setilaiti, na kanuni inasema zile zinazotembea chini zisizidishe kiwango cha nguvu kwa zile zilizosimama juu ya ikweta. Kwa vitendo, setilaiti yao inayopita mbele ya mstari wa ikweta hunyamaza kwa eneo lako, na nyingine iliyo pembeni, kaskazini au kusini, inakuhudumia. Sisi tulio chini ya ikweta mstari huo unapita utosini, kwa hiyo kipande cha anga kilicho juu yetu kabisa ndicho wasichokitumia. Dishi lako la TV linalindwa. Ukiona shida, rudi swali la 9.

17. Mnara wa TV wa mjini ukizimika wakati wa mvua, dishi na antena vinahusiana vipi?

Minara mingi duniani hupokea vipindi vyake kwa dishi lililo chini yake, kisha huvituma kwa antena. Mvua kubwa ikinyesha juu ya dishi hilo, mji mzima unakosa TV ya antena hata mitaa ambayo ni mikavu. Kwa hiyo hapo jibu la swali la 10 halitumiki.

## Sheria na mambo ya pembeni

18. Kwetu kijijini chaneli fulani haina mtu. Naweza kuitumia kwa kituo kidogo?

Bila leseni, hapana, na ni kosa la jinai. Kutosikia mtu hakumaanishi hakuna anayesikiliza. Huenda kipande hicho kinapokelewa na setilaiti iliyo juu yako, na wewe ndiye utakayeiletea kelele bila kujua. Yapo matumizi halali ya nafasi wazi za TV: Nanyuki walianza majaribio ya intaneti ya namna hiyo mwaka 2013. Lakini huko kifaa huongozwa na hifadhidata inayokieleza chaneli zipi ni tupu mahali kilipo. Hakijiamulii.

19. Nina hakika ni mwingiliano. Nilalamike wapi, na niende na nini?

Nenda Mamlaka ya Mawasiliano. Ina ofisi za kanda Kisumu na Eldoret. Usiende na hasira peke yake. Beba orodha ya chaneli zinazoathirika na masafa yake, saa tatizo linapoanza na kuisha kwa siku saba, picha ya dishi na mnara unaoushuku, na maelezo kwamba waya umebadilishwa. Ukiwa fundi mwenye kipimo cha mawimbi, piga picha kioo chake dishi likiwa kwenye setilaiti, kisha likiwa limegeuzwa pembeni. Kelele ikibaki baada ya kuligeuza, haitoki angani.

20. Kwa nini laini ya mikrowevu ya kuelekea magharibi moja kwa moja huleta mjadala kwetu?

Hili ni la wapangaji wa minara. Kanuni zinataka mtambo wa ardhini wenye nguvu, katika bendi zinazochangiwa chini ya 10 GHz, usielekezwe ndani ya digrii 2 za mstari wa setilaiti zilizosimama juu ya ikweta. Ulaya mstari huo hukutana na upeo wa macho kusini kidogo ya mashariki na ya magharibi. Kwetu, kwenye ikweta, mstari huo unashuka wima mashariki kamili na magharibi kamili. Mnara wa Nakuru ukirusha boriti ya mawimbi magharibi kamili, boriti hiyo inaendelea kuvuka milima na ziwa, dunia inapinda chini yake, na hatimaye inaipata setilaiti iliyo kwenye upeo.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu mwelekeo ni magharibi ukiinamia kaskazini kama digrii 8 au 9, kwa hiyo inapita salama. Laini fupi kati ya vilima viwili vilivyo kwenye latitudo moja, hiyo ndiyo ya kukaguliwa. Mara nyingi kupunguza nguvu ya mtambo mpaka chini ya kiwango kilichowekwa kunatosha, na umbali mfupi hauhitaji nguvu kubwa hata hivyo. Isipotosha, kilima cha tatu kilicho pembeni kidogo hubadilisha pembe.